Barua ya wazi kwa viongozi wa Haut-Katanga: mkono uliopooza haungoji

Kwa Mheshimiwa Liwali wa jimbo, kwa Waziri wa afya wa jimbo, kwa wabunge wetu wa jimbo, na kwa wakuu wa komini zote za Lubumbashi.

Waheshimiwa, pokeeni salamu zangu za heshima.

Kikao cha bajeti cha bunge la jimbo kinafunguliwa mwishoni mwa Septemba, na najua kabla ya hapo meza zenu zitajaa maombi ya barabara, maji na madarasa. Naleta ombi ambalo sijawahi kulisikia katika hotuba yoyote ya afya hapa kwetu. Linahusu mikono ya watu walionusurika kiharusi. Mimi ni kine, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na kazi yangu yote naifanya hapa Lubumbashi. Ninaowahudumia ni wale ambao AVC, yaani kiharusi, imewaacha hai. Wametoka hospitali wakitembea kwa fimbo, familia imemshukuru Mungu, na mkono mmoja umebaki umekunjwa kifuani. Kwenye daftari la hospitali watu hao wanaandikwa upande wa waliopona.

Tazameni kazi za mji huu. Fundi cherehani wa soko la Kenya anakisukuma kitambaa kwa mkono mmoja na kukiongoza kwa mwingine. Mchomeleaji wa Kamalondo anashika chuma huku, moto kule. Deklaran wa Kasumbalesa, yule anayeandaa karatasi za forodha mpakani, anaishi kwa sahihi yake. Mama wa Katuba anayewapikia wafanyakazi bukari (ugali) anahitaji mkono wa kuzuia sufuria na mkono wa kusukuma mwiko. Mtu wa namna hii akipotelewa na mkono mmoja, kazi yake yote inasimama, na watoto wanakosa minerval, ada ya shule, muhula unaofuata.

Naomba mnivumilie nieleze mkono huu ulivyo, maana wengi wanauona kwa mbali tu. Wiki za kwanza unalegea kabisa. Unaning'inia, na uzito wake peke yake unatosha kulivuta bega likashuka mahali pake. Ndugu, kwa upendo, wanamwinua mgonjwa kitandani kwa kumvuta mkono huohuo, na bega linaanza kuuma maumivu yanayoweza kudumu miezi. Baadaye hali inageuka. Misuli inakaza, kiwiko kinakunjika, vidole vinajifunga ndani ya kiganja. Ukivifungua kwa nguvu vinazidi kukaza. Inabidi kwanza ukunje kifundo cha mkono kuelekea ndani, polepole, hapo vidole vinaachia kimoja kimoja. Ndani unakuta ngozi iliyolowa, imekuwa nyeupe, na alama za kucha zilizojichimbia nyamani. Mara nyingi ninayemwonyesha namna hiyo ya kufungua ni binti wa mgonjwa, na mara nyingi binti huyo ameshamhudumia mzazi wake miezi mingi bila mtu yeyote wa afya kumweleza lolote.

Kisha mtu huyo anakaa kula. Tonge la bukari linataka vidole vinne vikusanye, kidole gumba kibonyeze katikati pafanyike shimo la kuchotea sombe, mboga ya majani ya muhogo, halafu kifundo kigeuke kuelekea mdomoni bila tonge kuanguka. Ni mojawapo ya kazi ngumu kabisa ambazo mkono wa binadamu hufanya, na sisi huifanya bila kuifikiria. Ninaitumia kama zoezi kila nipatapo nafasi, na kwa maoni yangu inaushinda ule mpira wa kubonyeza ambao kila familia hukimbilia kununua. Mpira unafundisha kufunga, na mkono wa kiharusi tayari unajua kufunga kupita kiasi. Kinachokosekana ni kufungua na kuachia.

Ubongo ulioumia unaweza kujifunza upya. Sehemu iliyokufa hairudi, lakini sehemu zinazoizunguka zinaweza kupokea kazi yake zikilazimishwa kufanya hivyo kwa kurudia kitendo chenye maana mara nyingi sana. Wanyama wa maabara ambao ubongo wao ulionekana kubadilika walirudia kitendo mamia ya mara kwa siku. Mwaka 2009 watafiti walikaa katika vyumba vya mazoezi vya Marekani na Canada wakahesabu mgonjwa wa kiharusi anausogeza mkono wake mara ngapi katika kipindi kimoja cha mazoezi. Kwa vitendo vyenye kazi ndani yake, wastani ulikuwa 32. Hiyo ni katika nchi zenye vifaa na wataalamu. Kwetu wagonjwa wengi hawafiki hata kwenye kipindi chenyewe.

Na muda haungoji. Sehemu kubwa ya nafuu ya mkono hupatikana katika miezi mitatu ya kwanza. Baada ya hapo mtu bado anaweza kupata nafuu, nimewaona waliopata baada ya mwaka, lakini inakuja kwa jasho kubwa zaidi na kwa hatua ndogo. Sasa fikirini miezi hiyo mitatu inavyokwenda hapa Lubumbashi. Siku za mwanzo familia inakimbizana na bili ya hospitali, inamtoa mgonjwa mapema ili bili isipande. Kisha kuna wiki za maombi, za dawa za miti, za kumtafuta aliyeroga. Siwalaumu. Hakuna aliyewapa maelezo mengine, na pale wodini hakuna kine aliyekuja kuwaambia kwamba mkono huu una kazi ya kufanya leo. Anapofika kwangu, mara nyingi miezi mitatu imekwisha pita, na bado ana safari ya kupanda taxi-bus kwa mguu mmoja na nusu, na kila kipindi kinalipwa kwa franga za mfukoni.

Naijua hamu ya viongozi kuleta mashine ya kisasa, kukata utepe, kupiga picha. Katika fani yangu mashine hiyo ni roboti ya mkono. Mgonjwa anafungwa mkono kwenye kishikio, mbele yake kuna skrini, na mota zinamsaidia kuusogeza huku na huku mamia ya mara bila kine kuchoka. Ni kifaa cha akili sana, na mtangulizi wake mkuu alizaliwa katika chuo cha MIT kule Marekani. Lakini mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa la Uingereza lililoitwa RATULS, wagonjwa 770. Kundi moja lilifanya mazoezi ya roboti dakika 45, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12. La pili lilifanya mazoezi ya ziada na mtaalamu kwa muda uleule. La tatu lilipata huduma ya kawaida. Kipimo kikuu kilikuwa utendaji wa mkono baada ya miezi mitatu, na hapo roboti haikuizidi huduma ya kawaida. Gharama yake nayo haikuonekana kuhalalishwa na faida. Haki itendeke: majaribio 45 madogo yalipokusanywa pamoja mwaka 2018 yalionyesha kwamba mashine za namna hii zinaongeza nguvu na utendaji kiasi fulani, ingawa wakusanyaji wenyewe walisita kusema kama tofauti hiyo mgonjwa anaihisi katika maisha yake. Kwa hiyo siiti roboti uongo. Nasema kwamba hata kule ambako umeme haukatiki na fundi anafika siku hiyohiyo, haijathibitika kuwa ndiyo njia ya kuanzia.

Michezo ya skrini nayo ina hadithi yake. Mwaka 2016 jaribio lililoongozwa kutoka Canada liliwachukua wagonjwa 141. Nusu walicheza michezo ya video ya kusogeza mkono, nusu walicheza karata, mpira na mambo ya kujiburudisha. Mwishowe makundi mawili yalikuwa sawa. Wengine walivunjika moyo kwa matokeo hayo. Mimi yalinifurahisha, kwa sababu karata na dame (drafti) zipo chini ya kila mwembe wa mji huu, na mzee anayecheza dame kwa mkono wake mgonjwa saa nzima ameusogeza kuliko nitakavyoweza kumsogezea mimi.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote, Waheshimiwa. Kabla ya kununua chochote kwa ajili ya mkono wa kiharusi, ulizeni swali moja: kitu hiki kitaongeza mara ngapi kwa siku mkono wa mgonjwa wa Ruashi kufanya kazi, na kwa wagonjwa wangapi? Teknolojia inayojibu swali hilo ipo, na nyingi inaingia katika mfuko wa kitambaa cha kikwembe.

Kioo, kwa mfano. Unakisimamisha katikati ya kifua cha mgonjwa, mkono mgonjwa nyuma yake, mkono mzima mbele. Anausogeza mzima akitazama kioo, na macho yanaiambia akili kwamba mkono uliopooza ndio unaosogea. Tafiti 62 zenye watu karibu 2,000 zilikusanywa mwaka 2018, na zikaonyesha kuwa zoezi hili linasaidia utendaji wa mkono likiongezwa juu ya huduma nyingine. Kioo kinauzwa sokoni, seremala wa Katuba anakitengenezea kisanduku chake asubuhi moja.

Kuna kifaa cha kusisimua misuli kwa umeme, kikubwa kama simu, kinachotumia betri. Unabandika viraka viwili nyuma ya kigasha, mgonjwa anajaribu kufungua vidole, na umeme mdogo unamsaidia kumalizia kile alichoanza. Kwa mgonjwa ambaye vidole vyake havijafunguka kabisa, mara ya kwanza anapoviona vikinyooka huwa anaomba turudie mpaka mimi ndiye ninayesema basi. Kinahitaji mtu aliyefundishwa, maana hakifai kwa mwenye kifaa cha kuendesha moyo na hakibandikwi ovyo. Lakini kinafanya kazi hata siku umeme unapokatika kutwa nzima, na siku hizo mnazijua.

Kwa wale ambao vidole vimeanza kusogea kidogo kuna glavu. Mkono mzima unavalishwa glavu nene muda mwingi wa siku kwa wiki mbili, mkono mgonjwa unalazimika kufanya kila kitu. Jaribio la Marekani lililotangazwa mwaka 2006, watu 222 waliopata kiharusi miezi 3 hadi 9 kabla yake, lilionyesha nafuu iliyodumu angalau mwaka mzima. Na kuna mpango uliotungwa Canada na kupimwa mwaka 2009 kwa wagonjwa 103, unaoitwa GRASP: mgonjwa akiwa bado hospitalini anapewa kisanduku cha vitu vya kawaida, kama taulo, kikombe na vibanio vya nguo, na kijitabu cha mazoezi, naye anajifanyisha mwenyewe kila siku pamoja na ndugu. Mikono yao ilipata nafuu kuliko ya wenzao. Mwongozo wake hutolewa bure. Kinachohitajika ni kuuweka katika Kiswahili chetu na kuurekodi katika video fupi zisizokula mega nyingi, ili binti wa Kampemba auone kwenye simu yake, naye kine aulize kila wiki kwa ujumbe wa sauti: jana mlirudia mara ngapi?

Hapa naomba msikie onyo pia, kwa sababu najua mtu atawaambia basi, familia zinatosha, wataalamu wa nini. India walijaribu hasa hilo, wagonjwa 1,250 katika hospitali 14, na matokeo yakatoka mwaka 2017. Ndugu walifundishwa wodini kisha wakaachiwa kazi ya mazoezi nyumbani. Miezi sita baadaye hapakuwa na tofauti katika vifo wala katika idadi ya waliobaki tegemezi. Familia inaweza kufanya mengi, lakini inahitaji mtu wa kuongeza ugumu wa zoezi wakati wake, kuona bega linaloanza kuuma, kubadili njia panapokwama. Simu inaongeza urefu wa mkono wa kine. Kine mwenyewe lazima awepo.

Ndiyo maana ombi langu la kwanza ni watu. Kila hospitali kuu ya rufaa katika mji huu, na zile za Likasi, Kipushi na Kasenga, iwe na kine aliyeajiriwa na kulipwa na jimbo, anayemfikia mgonjwa wa kiharusi akiwa bado wodini na kumfuata nyumbani miezi mitatu ya kwanza. Vijana waliosomea kazi hii tunao, wapo mitaani, wengine wanauza krediti za simu. Ufuatiliaji wa miezi hiyo mitatu mgonjwa asiulipie mlangoni kipindi kwa kipindi. Kama haiwezekani kuwa bure kabisa, iwekwe bei moja inayojulikana, ibandikwe ukutani.

Pamoja na kine huyo iende kisanduku cha mkono: kioo, vifaa viwili vya kusisimua misuli na viraka vyake vya akiba, glavu, tableti yenye video, paneli ndogo ya jua ya kuchaji. Viraka navitaja kwa makusudi. Vinaisha gundi baada ya matumizi kadhaa, na kifaa kisicho na viraka ni kifaa kilichokufa. Nimeona mashine nzuri za msaada zikifunikwa shuka katika chumba cha mwisho cha koridoo kwa sababu ya kipuri ambacho bei yake haifiki ya gunia la unga. Mfadhili yeyote atakayekuja na mashine aulizwe kwanza vipuri vinatoka wapi, nani ataitengeneza, na programu yake inalipiwa kila mwaka kiasi gani.

Na pawe na kupima. Kuna kipimo rahisi kinachotumika duniani kote: kisanduku chenye ukuta katikati na vipande 150 vya mbao, kila kimoja kama sentimita 2.5 kila upande. Mgonjwa anavihamisha kimoja kimoja kuvuka ukuta kwa dakika moja, na vilivyovuka vinahesabiwa. Asiyeweza hata kimoja mwezi wa kwanza na kuvusha 15 mwezi wa tatu, hilo ni jambo ambalo Waziri anaweza kulisoma bila kuwa muganga wa hospitali. Ombeni hesabu hiyo kutoka kila hospitali kila baada ya miezi mitatu, na mwaka ujao mtajua pesa ilifanya nini.

Kuhusu pesa yenyewe, sheria ya migodi ya Machi 2018 imelipatia jimbo asilimia 25 ya mrabaha, na asilimia 15 imewapa komini na sekteri za vijijini ambamo mgodi unafanya kazi. Sheria hiyohiyo inazidai kampuni kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii. Ninachoomba hapa ni mishahara ya watu wachache, mbao, vioo na betri. Wakuu wa komini, sehemu ya hili iko ndani ya uwezo wenu hata kabla ya jimbo kusogea.

Sheria ya haki nayo mnayo mkononi. Katiba, ibara ya 49, inawapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya hatua maalum za ulinzi. Nchi yetu iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na sheria ya Mei 3, 2022 imeutafsiri kuwa wajibu wa ndani. Mei 2023 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kuingiza urekebishaji wa viungo katika mifumo ya afya ya kila nchi, kuanzia huduma ya msingi.

Najua pia kwamba kiharusi kinazuilika, na kwamba kupima tansio, yaani presha ya damu, katika kila kituo cha afya kungeokoa mikono mingi kuliko mimi. Lifanyeni hilo, nitaliunga mkono kwa nguvu zote. Waliokwisha kupata bado wapo, wamekaa kwenye viti vya plastiki mbele ya nyumba zao.

Waheshimiwa, naomba mambo mawili kabla ya kikao kufunguliwa. Wizara ya afya ya jimbo itangaze hospitali ngapi za Haut-Katanga zina kine anayelipwa, na ngapi hazina. Na kamati ya afya ya bunge la jimbo iwaite wakine, waganga wa ubongo na familia za wagonjwa, siku moja tu, tukae na karatasi ya bajeti mezani. Orodha ya vifaa na bei zake za hapa mjini ninayo tayari, pamoja na rasimu ya mafunzo kwa wakine wapya. Nitaileta siku mtakayoniita.

Kwa heshima na matumaini,

Kine mmoja wa Lubumbashi